Mnada wa Wodi ya Tatu

Ulimi hauna mfupa, ndivyo wasemavyo watu.
Mwaka wa kwanza niliihesabu misuli yake: minane.
Niliichora, nikaipaka rangi, nikafaulu mtihani,
nikadhani nimeujua ulimi.

Mwaka wa nne wakanivika koti jeupe lililonizidi mabega,
wakanipeleka wodi ya tatu, hospitali ya Valdivia,
mji ambao mvua haiji kutembea, imehamia,
na soksi zangu hukauka Jumapili tu
juu ya jiko la kuni la mama mwenye nyumba.

Kitanda cha kumi na moja: Don Eleuterio Catalán,
mnadi wa ng'ombe kutoka Paillaco,
miaka thelathini na minane ya kupaza bei.
Kiharusi kilimwachia neno moja.
Jumanne.
Akitaka maji: Jumanne.
Mto ukimkaa vibaya: Jumanne, Jumanne!
Na mkewe Otilia akiingia na mwavuli unaochuruzika,
Jumanne, taratibu,
kama mtu anayeweka yai mezani.

Mimi nilikuja na kadi arobaini.
Kikombe. Ufunguo. Kiatu. Farasi.
Nilikuja na malengo: asilimia themanini, wiki sita;
na kalamu tatu, na saa, na woga.
"Hiki nini, Don Eleuterio? Ki... kiko...?"
Akaitazama kadi, akanitazama mimi,
akanihurumia.

Profesa Ximena, aliyekuwa kwenye kona akiandika,
akanisubiri koridoni.
"Unamsaidia," akasema, "kama anayemvalisha mtoto koti
huku basi linaondoka. Nimekupima.
Humpi hata sekunde mbili.
Mpe kumi."

Kumi!
Jaribu wewe. Mtazame mtu machoni, ufunge mdomo,
uhesabu hadi kumi huku anazama.

Usiku mjukuu wa mama mwenye nyumba hubisha mlangoni,
Lautaro, miaka mitano, r haijamkaa.
Mbwa wake ni Trueno, yaani Radi.
Yeye huita "Tueno! Tueno!"
na mbwa huja mbio, matope hadi masikioni.
Nilimweka mbele ya kioo, nikamwonyesha ncha ya ulimi
inavyopaswa kutetemeka nyuma ya meno.
Akajaribu mara mbili, akachoka.
"Lakini anakuja," akaniambia.
Sikuwa na jibu la kitabuni.

Alhamisi moja muuguzi alikuwa akipima presha kitanda cha jirani,
akaisoma kwa sauti: "Mia na arobaini!"
Na nyuma yangu, kutoka kitanda cha kumi na moja:
"Mia na arobaini na tano!
Mia na hamsini! Mia na hamsini na tano!"
Wodi nzima ikageuka.
Akauza kiti cha wageni. Akauza chuma cha dripu.
Akaziuza kalamu zangu zote tatu kwa bei ya fahali,
na mkono wa kushoto, ule uliobaki hai,
ukagonga ukingo wa kitanda: imekwenda!
Kisha akalia. Nami nikalia ndani ya koti langu kubwa,
jambo ambalo kwenye fomu halina kisanduku.

"Usiandike amepona," alisema Profesa.
"Namba ni njia ya zamani, miguu inaijua yenyewe.
Andika ulichosikia."
Nikaandika: mia na arobaini na tano.

Leo kadi nimeziacha kabatini.
Na leo, kwa kweli, ni Jumanne.
Otilia ameketi, mwavuli magotini.
"Don Eleuterio, huyu ni nani?"

Moja. Mbili.
Mvua inapiga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo.
Tano. Taya linasogea.
Saba. Midomo inajiviringa, duara dogo,
duara la O, na bado haina sauti.
Otilia anataka kusema; namshika mkono.
Tisa.
Kumi.

Kumi na moja.
Kumi na mbili.